Kisu cha Mfukoni na Elimu ya Chuma

Mji wa Tunduma umekaa juu ya mpaka kabisa, na mtu akivuka hatua chache amekwisha kufika Nakonde, nchini Zambia. Malori yaendayo Zambia, Kongo na nchi nyingine za kusini hupanga foleni hapo, na pembeni mwa foleni hiyo huuzwa karibu kila kitu kinachoweza kuchukuliwa mkononi. Miongoni mwa vitu hivyo ni visu vya kukunja. Hupangwa juu ya meza za mbao au juu ya kipande cha turubai. Vingine vina mipini ya mti, vingine ya plastiki ya rangi, na vingine hung'aa kama kioo tangu ncha hadi mwisho wa mpini. Mnunuzi huokota kimoja, hukikunjua, hupitisha kidole gumba kwa uangalifu juu ya makali, hutikisa kichwa kuonyesha kuridhika, hulipa na kwenda zake.

Kidole gumba hicho kimemwambia jambo moja tu, nalo ni kwamba kisu kilinolewa kabla ya kuuzwa. Hakikumwambia kama makali hayo yatadumu mwezi au yatakwisha jioni ile ile, kama bapa litapinda likikutana na fundo la mti, wala kama kisu hakitajikunja chenyewe juu ya vidole vyake siku atakapokitegemea. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hutumia kisu cha mfukoni kuondoa machipukizi, kufungua gunia la mbolea, kuchonga kijiti cha kuegemeza mche na kumenya chungwa lake la mchana. Utingo wa lori hukata nacho kamba za turubai usiku, akiwa amesimama juu ya shehena kwa mguu mmoja. Mkono ukiteleza, au kisu kikijifunga, kano ya kidole hukatika. Na kidole kilichokatika kano, kisipotibiwa mapema na daktari anayeijua kazi hiyo, hakikunjiki tena kama zamani. Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake, hiyo ni hasara ya maisha.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyapima mwenyewe, pale pale sokoni, bila maabara. Hata hivyo kabla ya kufika sokoni ni vizuri kupitia Ndolezi.

Jiwe la chuma la Ndolezi

Katika wilaya ya Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi karibu na kijiji cha Ndolezi, kipo kimondo kinachojulikana duniani kwa jina la Kimondo cha Mbozi. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi. Wanyiha walikijua tangu kale. Wageni walianza kukiandika katika vitabu vyao baada ya mpimaji ardhi aitwaye W. H. Nott kukifikia mwaka 1930. (Mkoa wa Songwe umebahatika katika jambo hili. Mwaka 1938 kimondo kingine kilianguka Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa. Hicho kilikuwa kidogo sana, cha mawe laini yenye kaboni, lakini wataalamu wamelipa kundi zima la vimondo vya namna yake jina la Ivuna.)

Kimondo cha Ndolezi si jiwe kwa maana ya kawaida. Ni pande la chuma: asilimia 90 hivi ni chuma chenyewe, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Waliowahi kukikata kipande kwa ajili ya uchunguzi walitumia misumeno ya chuma kwa saa nyingi. Msafiri anayekitazama hujiuliza swali la haki kabisa: kwa nini wahunzi wa Kinyiha, waliokuwa na shehena hii yote ya chuma safi juu ya ardhi, walijitaabisha kuchimba udongo mwekundu, kukata miti, kuchoma makaa na kujenga matanuri?

Sehemu ya jibu ni kwamba kimondo hicho ni kikubwa na kishupavu mno; hakivunjiki kwa nyundo wala hakiingii katika moto wa mhunzi. Lakini hata vipande vyake vidogo visingetoa kisu cha kujivunia. Si kwamba chuma cha angani hakifai kabisa. Jambia lililozikwa pamoja na Farao Tutankhamun wa Misri lilipimwa na matokeo kutangazwa mwaka 2016, likaonekana kuwa ni la chuma cha kimondo. Na wenyeji wa Greenland walifua visu vyao kutokana na kimondo kwa karne nyingi. Walitumia walichokuwa nacho. Chuma cha namna hiyo hakina kaboni ya kutosha, na chuma kisicho na kaboni hakikubali kutiwa ugumu. Ukikichoma na kukichovya majini kitatoka kama kilivyoingia. Makali yake yatalala upande kama makali ya bati.

Sifa hii ndiyo msingi wa mambo yote yafuatayo. Kisu hakitengenezwi kwa chuma tu. Kinatengenezwa kwa feleji, ambayo watu wengine huiita pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Kaboni ikiwa chini ya sehemu 1 katika 1,000, chuma huwa laini, kama cha msumari wa kawaida au waya wa kufungia. Ikifika sehemu 5 hadi 10 katika 1,000, chuma hicho kinaweza kuwa kisu, tupa au patasi. Ikizidi sehemu 20 katika 1,000, huwa chuma cha kalibu, kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama jiko la zamani la kusubu. Tofauti kati ya msumari na kisu, basi, ni konzi ya makaa.

Wahunzi wa Mbozi na wenzao wa Ufipa hawakuwa na neno kaboni, lakini kitu chenyewe walikuwa nacho. Walijenga matanuri marefu ya udongo, yaliyopita kimo cha mtu, yenye matundu mengi chini. Hewa iliingia yenyewe kwa kuvutwa na joto lililopanda juu, bila kuvukutiwa. Ndani yake mawe ya chuma na makaa ya miti viliungua pamoja muda mrefu, na kilichotoka kilipelekwa katika tanuri dogo, hili sasa likiwa na mivukuto, ili kusafishwa kabla ya kufika kwenye fuawe. Katika safari hiyo chuma kilikunywa kaboni kutoka kwenye makaa. Pengine kidogo, pengine zaidi, kwa kadiri ya ustadi wa fundi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya, upande wa pili wa Tanzania, walikuwa wakipata feleji ya kaboni katika matanuri yao yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wenzao wengine walibishana nao juu ya namna joto lilivyopatikana, na mabishano hayo hayajaiondoa feleji yenyewe. Majembe na visu vya kiwandani kutoka ng'ambo viliizima mioto hiyo katika karne ya 20, na hapo ndipo mnunuzi alipoanza kununua kitu asichokijua kilikotoka.

Moto, maji, na moto tena

Kaboni peke yake haitoshi. Feleji hupata ugumu wake kwa kuchomwa hadi iwe nyekundu iliyoiva, kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi, kisha kupozwa ghafla katika maji au mafuta. Fundi asiye na kipimajoto ana njia nzuri ya kujua wakati umefika: chuma kikifikia nyuzi 770 hivi huacha kuvutwa na sumaku. Hukigusisha na sumaku. Kisipovutwa tena, hukiongeza moto kidogo tu na kukichovya.

Kilichotoka majini sasa ni kigumu sana, lakini hakifai bado. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika kama kigae. Kwa hiyo hurudishwa motoni mara ya pili, moto mdogo wa nyuzi 200 na ushei, mpaka sehemu iliyosuguliwa ing'ae rangi ya majani makavu. Moto huu wa pili hupunguza ugumu kidogo na kuleta ushupavu, yaani uwezo wa kustahimili pigo na kupinda bila kuvunjika. Ugumu na ushupavu huvutana kama watu wawili kwenye kamba: kimoja kikivuta sana, kingine hulegea. Kisu cha mfukoni kinachofanya kazi nyingi tofauti kinahitaji mapatano kati yao. Viwanda hupima ugumu kwa kipimo kiitwacho Rockwell, na visu vingi vizuri vya kazi vimo kati ya 54 na 58 katika kipimo hicho. Chini yake makali hulala. Juu sana yake makali humeguka, tena ni taabu kuyanoa kwa jiwe la kawaida.

Wahunzi wa siku hizi walio kandokando ya barabara kuu wanapata malighafi nzuri bila kuagiza popote. Springi bapa za malori zina kaboni kiasi cha sehemu 6 katika 1,000, na Tunduma haina upungufu wa malori. Kisu kilichofuliwa kutokana na springi na fundi anayejua mioto hiyo miwili kinaweza kukishinda kisu king'aavyo cha dukani, ingawa hakipendezi macho. Kisu kilichofuliwa kutokana na nondo au msumari mkubwa ni mchezo wa kuigiza. Njia ya kuvitofautisha ni tupa: ipitishwe polepole karibu na makali, mahali pasipodhuru. Ikila chuma kama inavyokula mti, hakuna ugumu hapo. Ikiteleza na kulia, feleji imetiwa moto ipasavyo.

Mng'ao na sumaku

Mwaka 1913 Harry Brearley, mtaalamu wa madini katika mji wa Sheffield, Uingereza, alipata feleji yenye kromiamu karibu asilimia 13 ambayo haikushika kutu. Kromiamu iliyo juu ya uso wa chuma huungana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana, nao huzuia maji na hewa kupenya. Ukikwaruzwa hujirudi wenyewe. Ugunduzi huo umeweka visu visivyoshika kutu, watu wanavyoviita visu vya stenlesi, katika kila jiko.

Lakini stenlesi si kitu kimoja, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Ipo aina yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ambayo hutengenezewa masufuria, vijiko na masinki. Ni nzuri mno kwa kazi hizo, hung'aa miaka mingi, lakini haikubali kutiwa ugumu kwa moto. Ipo aina nyingine yenye kromiamu na kaboni, isiyo na nikeli ya kuhesabika, nayo hukubali kutiwa ugumu kama feleji ya kawaida. Kisu huhitaji aina hii ya pili. Kwa macho aina zote mbili zafanana.

Sumaku haidanganyiki upesi hivyo. Feleji ya masufuria haivutwi na sumaku, au huvutwa kwa udhaifu sana. Feleji ya visu huvutwa kwa nguvu. Watu wengi hushikilia imani iliyopinduka, kwamba stenlesi ya kweli ni ile isiyovutwa, na kwa imani hiyo hukataa kisu kizuri na kununua kijiko kilichochongwa ncha. Yeyote aendaye sokoni na achukue sumaku ndogo, hata ile iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Bapa lisilovutwa liachwe mezani. Bapa linalovutwa halijathibitika kuwa zuri, kwa maana hata bati huvutwa. Limepita mlango wa kwanza tu, na mlango wa pili ni tupa au kipande cha kinoo.

Je, mtu achague stenlesi au feleji ya kaboni inayoshika kutu? Mtu anayefanya kazi ya samaki, chumvi au matunda makali, na yule asiyekumbuka kufuta kisu chake, atafadhiliwa na stenlesi. Anayekinoa mwenyewe kwa jiwe la kawaida na kukipangusa baada ya kazi atapenda feleji ya kaboni: hunoleka upesi, na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Baada ya kukata ndimu na machungwa mara kadhaa bapa lake hugeuka kijivu cheusi. Weusi huo hauna dhara, tena hulikinga kidogo. Kutu nyekundu ndiyo adui.

Mfano wa feleji ya kaboni ambao watu wa Afrika Mashariki na kusini wameuzoea ni kisu cha Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo barani Afrika, ambayo nchi hii ilikuwa mojawapo, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo aliyekuwa ameelezwa kisayansi mwaka mmoja tu nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti, umepambwa kwa nyota na mwezi wa bati, na nyuma yake ipo pete ndogo ya chuma. Ni kisu cha bei ya chini, na kwa sababu hiyo hiyo kimeigwa sana. Mapambo huigwa kwa urahisi. Feleji na kizuizi haviigwi kwa urahisi.

Kiungo

Pete hiyo yatuleta kwenye sehemu ya kisu inayoumiza watu zaidi. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kila chenye kiungo kinaweza kulegea. Visu vya zamani vina springi tu mgongoni. Springi hulishikilia bapa lisifunguke ovyo na lisifunge ovyo, lakini nguvu ikizidi hushindwa. Vingine vina kizuizi: ama ulimi wa chuma unaoingia katika pengo la bapa, ama meno yanayolia yakipita moja baada ya jingine, kama katika Okapi, ambapo mtu hawezi kukifunga mpaka avute pete.

Uzito wa jambo hili waweza kuhesabiwa. Tuseme bapa lina urefu wa sentimeta 8, na kizuizi kinalishika sentimeta 1 tu kutoka kwenye msumari wa kiungo. Hilo ni wenzo. Mgongo wa ncha ukisukumwa kwa nguvu ya kilo 5, kizuizi hubeba kilo 40. Utingo anayechoma ncha katika gunia gumu na kuizungusha anakipa kizuizi mzigo wa debe mbili za maji bila kujua. Kwa hiyo bapa fupi ni salama kuliko refu, na kwa kazi za kila siku sentimeta 7 au 8 zatosha. Mtu anayetaka kisu kirefu cha kukata nyama ya mbuzi au miwa anataka kisu kisichokunjwa, chenye ala. Asikilazimishe kisu cha mfukoni kufanya kazi hiyo.

Upimaji wa kiungo ni rahisi na haugharimu kitu. Kisu kikunjuliwe kabisa, mpini ushikwe imara, kisha bapa lisukumwe kwa vidole kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litacheza zaidi baada ya mwezi. Baadaye mgongo wa bapa ugongwe kwa upole juu ya meza, vidole vikiwa vimekaa nje ya njia ya makali. Kizuizi kikiachia, basi kazi yake ni mapambo tu. Mwisho kitazamwe kikiwa kimefungwa: ncha yapasa izame yote ndani ya mpini. Ncha inayochungulia nje itatoboa mfuko kwanza na paja baadaye.

Juu ya mpini hakuna mengi ya kusema. Uwe mnene wa kujaza kiganja, usiteleze ukilowa, na usiwe na kona kali. Mti mgumu hufaa, na plastiki ngumu yenye michirizi hufaa vile vile.

Kwa nini kisu butu hukata mwenye kisu

Watu wengi humkataza mtoto kisu kikali na kumpa kibutu wakidhani wamemkinga. Hesabu yaonyesha kinyume. Kinachokata ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tuseme makali mazuri yana unene wa sehemu 2 za elfu za milimeta, na yanagusa kamba kwa urefu wa sentimeta moja. Mkono ukisukuma kwa nguvu ya kilo moja, kamba hukatika. Makali hayo hayo yakichakaa mpaka unene wa sehemu 50 za elfu za milimeta, unene ambao jicho bado haliuoni vizuri, eneo limekuwa kubwa mara 25. Ili kupata mkandamizo ule ule, mkono utahitaji nguvu ya kilo 25, yaani nusu ya mfuko wa saruji. Mtu halisi hafikishi hesabu hiyo, kwa kuwa huanza kukereza kama msumeno. Lakini husukuma kwa nguvu nyingi, na kamba inapokatika ghafla nguvu hizo zote hazina tena mahali pa kuishia ila kwenye mkono wake wa pili.

Kunoa kunahitaji kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha, maji kidogo, na pembe isiyobadilika. Pembe inayofaa kisu cha kazi ni nyuzi 20 hivi kila upande. Anayeshindwa kuikadiria atumie bapa lenyewe kuwa kipimo: bapa lilazwe juu ya jiwe, kisha mgongo wake uinuliwe kwa kimo cha theluthi moja ya upana wa bapa. Bapa lenye upana wa milimeta 15 mgongo wake utakuwa milimeta 5 juu ya jiwe, na hizo ni nyuzi 20. Linolewe upande mmoja mpaka upande wa pili uhisiwe mkunjo mwembamba wa chuma unaokwaruza kidole kinapopitishwa kutoka mgongoni kuelekea makali, si kufuata urefu wake, kisha ugeuzwe. Umalizie kwa upande laini na ukanda wa ngozi.

Jambo moja lafaa kukatazwa kwa ukali. Katika karakana za kuchomelea yapo mawe ya umeme yazungukayo kwa kasi, na wenye visu hupenda kuwapa mafundi wawanolee kwa dakika moja. Makali ni membamba, na joto la msuguano huyajaa mara. Yakigeuka rangi ya buluu, yamekwisha kupita nyuzi 300. Ule moto wa pili wa kiwandani umerudiwa kwa nguvu kupita kiasi, na ugumu umeondoka mahali hapo. Kisu kitang'aa na kukata siku hiyo, kisha kitakuwa butu kila baada ya siku mbili, na mwenyewe atalaumu kiwanda.

Kukichukua

Mahali pa kisu ni mfukoni au katika kifuko cha mkandani, kikiwa kimefungwa, kimefungiwa uzi kwa mtu apandaye juu ya mizigo. Hakichukuliwi kikiwa wazi mkononi wakati wa kutembea, na kinapopewa mtu mwingine hufungwa kwanza, au hutangulizwa mpini. Wakati wa kukata, makali yaelekee mbali na mwili, na mkono wa pili ukae nyuma ya njia yake.

Kuhusu sheria, kisu kidogo cha kazi hakimtii mtu hatiani kwa kuwa nacho tu, bali Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hukataza mtu kutembea hadharani na silaha pasipo sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kile kile kilichokuwa chombo shambani huwa silaha kikionyeshwa katika ugomvi kilabuni. Anayevuka mpaka na afahamu kwamba upande wa pili una sheria zake, na askari wa huko ndiye msemaji. Anayesafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina lake uko mkoani Mbeya, akiweke katika mzigo unaokabidhiwa, si katika mkoba wa mkononi. La sivyo kitabaki kwenye meza ya ukaguzi.

Kidonda cha kisu kilichogusa udongo au samadi chaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, ambavyo huishi ardhini miaka mingi. Kioshwe mara kwa maji safi mengi na sabuni, kikandamizwe kwa kitambaa safi hadi damu ikome, na majeruhi aende zahanati kuuliza juu ya chanjo. Asiyeweza kukunja au kukunjua kidole baada ya kujikata asingoje kipone chenyewe.

Mimea nayo huambukizwa kwa kisu. Ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006 baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, huenea kwa njia kadhaa, na mojawapo ni kisu au panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa likaingia katika mzima. Vivyo hivyo mtu anayebebesha miche ya parachichi kitaluni asitumie kisu alichokatia tawi lenye ugonjwa kabla ya kukisafisha. Maafisa wa kilimo hushauri ama kupitisha chombo motoni, ama kukichovya katika dawa ya klorini, ile inayotumika kung'arishia nguo, ikiwa imezimuliwa kwa maji. Panga huvumilia moto. Makali membamba ya kisu cha mfukoni hayavumilii, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa, kwa hiyo kwa kisu dawa ni bora. Lakini klorini hula feleji, hata stenlesi ikiachwa muda mrefu. Kikitoka kwenye dawa kisuuzwe kwa maji, kikaushwe, na kiungo kitiwe tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula yasitumike, maana huganda na kukusanya vumbi.